Bima ya Makosa ya Tiba na Mgonjwa wa Mtwara

Bima ya makosa ya tiba haikuanzishwa kwa ajili ya mgonjwa. Nchini Uingereza, daktari David Bradley alifungwa kwa kosa asilolitenda, akasamehewa baada ya miezi minane gerezani. Kwa uchungu huo, mwaka 1885 madaktari waliunda Medical Defence Union ili kuteteana. Fidia kwa wagonjwa ilifuata baadaye.

Tanzania ilipitia njia nyingine. Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa 1963, lilihodhi bima za Tanzania Bara kuanzia 1967 hadi sheria ya 1996 ilipozikaribisha kampuni binafsi.

Hata hivyo, mama wa Msimbati aliyedhurika katika hospitali ya umma huidai Serikali, si kampuni ya bima. Sheria humtaka atoe kwanza notisi ya siku 90. Katika siku hizo, faili lililoandikwa kikamilifu humlinda yeye na muuguzi vilevile.