HOFU YA KITI CHA MENO: Ufanye nini jino linapokuwa haliwezi tena kusubiri?



Katika makala ya leo tutazungumzia tatizo ambalo wengi wanalo lakini wachache wanalikiri. Tatizo hilo ni hofu kali ya kutibiwa meno. Hatukusudii ile hofu ya kawaida ambayo kila mtu huihisi akiona sindano. Tunamzungumzia mtu mzima, mwenye akili timamu, pengine ni baba wa familia au mwalimu wa shule, ambaye akiisikia tu harufu ya kliniki ya meno mikono inalowa jasho, moyo unakwenda mbio na miguu inagoma kusonga. Mtu huyu hukaa na jino bovu kwa miezi, hata miaka. Anatafuna upande mmoja, analala upande mmoja na kumeza vidonge kila siku. Mwisho inafika siku ambayo jino haliwezi tena kusubiri. Makala hii ni yake, na ni ya ndugu zake wanaomcheka.

Hofu hii inatoka wapi?

Kwanza ifahamike kuwa hofu ya namna hii si utoto wala si udhaifu wa imani. Ni hali inayotambulika katika tiba, na ina sababu zake. Wapo walioumizwa utotoni, waliposhikwa kwa nguvu wakang'olewa jino kabla ganzi haijashika. Wapo ambao hawajawahi kukaa kwenye kiti hicho hata siku moja, lakini wamelelewa na visa vya kutisha vya koleo na damu. Wengine hawaogopi maumivu hata kidogo, bali wanaogopa kulazwa chali mdomo wazi, hawawezi kusema wala kuona kinachofanyika. Wengine wanaogopa kupaliwa. Na wengine, hawa ni wengi kuliko tunavyodhani, wanaogopa kugombezwa: "Mbona umeacha meno yameoza hivi?"

Ni vizuri ujue wewe unaogopa nini hasa, kwa sababu kila hofu ina dawa yake. Anayeogopa sindano hasaidiwi kwa njia ile ile anayosaidiwa anayeogopa kupaliwa.

Tena usidhani uko peke yako na meno mabovu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa karibu watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Mhudumu wa meno ameshaona vinywa vibovu kuliko chako, na atakuja kuona vingine kesho.

Hofu inavyojilisha yenyewe

Tatizo la hofu hii ni kwamba inajilisha yenyewe. Tundu dogo ambalo lingezibwa kwa muda mfupi linaachwa. Tundu linafika kwenye mshipa wa fahamu, jino linaanza kuuma usiku. Linaachwa tena. Wadudu wanashuka hadi kwenye mzizi, usaha unajikusanya. Sasa mgonjwa anakuja akiwa amevimba, hajalala siku tatu, na tiba yenyewe imekuwa ngumu zaidi. Akitoka hapo anasema, "Nilijua tu kuwa meno ni mateso." Kumbe kilichomtesa zaidi ni kuchelewa.

Lini jino ni dharura?

Jino linalouma linahitaji tiba, lakini zipo dalili ambazo hazisubiri hata kesho. Zikariri, na uwafundishe wa nyumbani kwako:

1. Uvimbe wa shavu unaokua haraka, unaopanda kuelekea jichoni au kushuka chini ya taya na shingoni.

2. Kushindwa kufungua mdomo vizuri.

3. Kushindwa kumeza, hata mate yako mwenyewe, au mate kukutoka.

4. Kupumua kwa shida, au sauti kubadilika kama mtu mwenye kitu kinywani.

5. Homa kali pamoja na uvimbe, kutetemeka, au kuchanganyikiwa.

6. Damu isiyokata baada ya kung'olewa jino, ingawa umeng'ata pamba kwa nguvu.

Ukiona moja ya haya, usiende kupanga foleni ya kawaida ya kliniki ya meno. Nenda hospitali moja kwa moja, upande wa dharura, hata kama ni usiku wa manane. Usaha wa gego la chini unaweza kusambaa chini ya ulimi na pande zote mbili za shingo, ukausukuma ulimi juu na kuziba njia ya hewa. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliieleza hali hii mwaka 1836, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ni hali inayoua.

Nimewahi kumpokea kijana aliyeletwa usiku na kaka zake. Alikuwa na nguvu za kubeba magunia, lakini alikuwa amelikimbia jino kwa wiki tatu. Alipofika hakuweza kulala chali, alikaa ameinama mbele huku mate yakimdondoka kwenye shati. Tulimwanzishia dawa kwa njia ya mshipa na kumkimbiza hospitali kubwa, ambako alifanyiwa upasuaji wa shingo kutoa usaha. Alipona, Alhamdulillah. Lakini aliyekimbia sindano moja ya ganzi alitoka hospitali na makovu ya kisu shingoni.

Vidonge na dawa za nyumbani

Wenye hofu wengi hutegemea vidonge. Paracetamol inasaidia kupunguza maumivu wakati unajiandaa kwenda: kwa mtu mzima, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Dawa kama ibuprofen si za kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, au mjamzito asizitumie bila kumuuliza tabibu.

Ama antibayotiki, ziko sehemu zake, lakini peke yake hazitibu jino lililooza. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, hivyo dawa haifiki kule wadudu walikojificha. Uvimbe unaweza kupungua, ukafurahi, kisha baada ya wiki chache ukarudi. Chanzo lazima kiondolewe: usaha utolewe, mzizi usafishwe au jino ling'olewe.

Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi kidogo, na kuishikilia juu ya jino kunaweza kukupa nafuu ya muda. Lakini maji ya betri, mafuta ya taa na tumbaku ni hatari, vinaunguza fizi na kuongeza tatizo. Usitoboe uvimbe kwa sindano ya nyumbani, wala usiukande kwa maji ya moto shavuni.

Ielewe sindano ya ganzi

Hofu nyingi hupungua mtu akielewa ganzi inavyofanya kazi. Dawa inayotumika sana ni lidokeini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943. Inazuia mshipa wa fahamu usipeleke habari za maumivu kwenye ubongo. Kuna mambo manne ya kuyafahamu:

Kwanza, ganzi inaondoa maumivu, haiondoi hisia ya kusukumwa. Wakati jino linang'olewa utahisi mkono wa daktari unasukuma na utasikia mlio. Hayo si dalili kuwa ganzi haijashika. Ukihisi kitu kikali kinachochoma, hayo ndiyo maumivu, na una haki ya kusema na kuongezewa dawa.

Pili, ganzi inahitaji muda. Sindano ya taya la chini inaweza kuchukua dakika tano hadi kumi kushika vizuri. Usione aibu kuomba wasubiri.

Tatu, mara nyingi dawa hiyo huchanganywa na adrenalini kidogo ili ikae muda mrefu na damu isitoke nyingi. Kwa hiyo moyo unaweza kudunda kwa dakika chache kisha ukatulia. Wengi hudhani wanakufa. Ni ile dawa tu, lakini mwambie mhudumu unavyojisikia. Na kama una ugonjwa wa moyo, mtaarifu kabla ya sindano.

Nne, sehemu yenye usaha haishiki ganzi vizuri. Hii ndiyo sababu ya kwenda mapema. Kila siku unayochelewa kwa kuogopa maumivu, unajisogeza karibu na maumivu hayo.

Hatua za kufuata

Ndugu msomaji, ikiwa huna zile dalili za hatari lakini jino linataka tiba ya haraka, fuata utaratibu huu:

1. Sema. Ukifika tu, kabla hujakaa kwenye kiti, mwambie mhudumu: "Mimi naogopa sana, na ninachoogopa ni hiki." Maneno hayo yanabadilisha namna atakavyokuhudumia. Mweleze pia kama una kisukari, shinikizo la damu, ujauzito, mzio wa dawa, au unatumia dawa ya kuyeyusha damu.

2. Nenda asubuhi. Ukipanga jioni utakaa na hofu kutwa nzima. Kula chakula chepesi kabla ya kutoka, isipokuwa kama umeambiwa utapewa dawa ya usingizi.

3. Nenda na mtu. Awe mtulivu, si mwenye kukutisha. Kwa dada na mama zetu, hakuna ubaya kuomba mume au ndugu aingie chumbani, au kuuliza kama yupo mhudumu wa kike.

4. Kubalianeni ishara. Ukiinua mkono wa kushoto, asimame. Ijaribuni mara moja kabla hajaanza. Mtu anayejua kuwa anaweza kusimamisha kazi huogopa kidogo.

5. Omba aeleze kabla ya kufanya. Aseme anachotaka kufanya, akuonyeshe kifaa kama unapenda, ndipo afanye. Anayechukia kuona, afumbe macho.

6. Pumua polepole. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika chache. Nyuradi za moyoni zinasaidia pia, maana zinaushughulisha moyo na kuipanga pumzi.

7. Anayeogopa kupaliwa aombe kiti kisilazwe sana, na apumue kwa pua.

Kwa wanaozirai

Wapo ambao wakiona sindano au damu, shinikizo la damu hushuka ghafla, wanaona giza na kuanguka. Hawa kujilegeza hakuwasaidii. Wao wakaze misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka wahisi joto usoni, waachie kwa sekunde 20 hadi 30, kisha warudie mara tano. Wakati sindano inaingia mkono na mdomo vitulie, miguu ndiyo ikazwe. Na waombe wadungwe wakiwa wamelazwa.

Ikishindikana kabisa

Kama umejaribu yote ukashindwa, bado mlango haujafungwa. Daktari anaweza kuandika dawa ya kutuliza unayomeza kabla ya tiba. Usijinunulie dukani, wala usiazime ya jirani, kwani kipimo kikizidi pumzi hupungua. Ukipewa dawa hiyo ni lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, na siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki. Katika hospitali kubwa inawezekana pia kutibiwa kwa nusukaputi, hasa kama meno ya kutolewa ni mengi. Omba rufaa, si aibu.

Baada ya kung'olewa

Ng'ata pamba kwa nusu saa bila kuitoa kila mara kuangalia. Kwa saa 24 za mwanzo usisukutue kwa nguvu, usiteme teme mate, usivute sigara. Bonge la damu lililoganda kwenye shimo ndilo linalofunika mfupa, likitoka maumivu yake ni makali. Siku ya pili anza kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Hapa wengi huuliza kuhusu udhu. Katika madhehebu ya Shafi, kusukutua katika udhu ni sunna, hivyo mgonjwa asijidhuru kwa ajili yake. Wa madhehebu nyingine amuulize sheikh wake. Vilevile ikitokea dharura ndani ya Ramadhani, usingojee Idd. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

Kwa ndugu na wazazi

Msimcheke mwenye hofu hii, maana dhihaka humfanya afiche uvimbe mpaka uchelewe. Msimdanganye mtoto kwa kumwambia "hutaguswa," kisha akashikwa. Wala msimtishie: "Ukikorofisha nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno." Kauli hiyo ya dakika moja anaweza kukaa nayo miaka thelathini. Acheni pia ule uvumi kwamba kung'oa jino la juu kunaharibu macho. Mshipa wa fahamu wa jino si mshipa wa kuonea.

Ndugu msomaji, hatukuambii usiogope. Hofu haiondoki kwa kuamriwa. Tunachokuomba ni kwenda nayo, uikalishe kwenye kiti pamoja na wewe, na useme mapema kuwa ipo. Kama jino linauma leo, leo hii mtaje mtu mmoja utakayekwenda naye kesho asubuhi, na umpelekee habari kabla hujalala.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.