BENDI YA JESHI: ASILI YAKE NA FAIDA YAKE

Wasomaji wetu wa Kibera na Kawangware wanaijua sauti ya bendi ya jeshi katika sikukuu za Taifa. Yafaa basi tujifunze asili yake.

Hapo zamani tarumbeta na ngoma zilikuwa vyombo vya amri: kuamsha askari, kuwakusanya na kuwaendesha kwa hatua moja. Lakini raia nao walipendezwa. Katika pwani yetu, tangu miaka ya 1890, vijana waliiga gwaride la askari wakatunga ngoma iitwayo beni, jina litokalo katika neno "bendi". Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliieneza hata bara.

Kibera yenyewe ilianza kuwa makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Walitumika kwa uaminifu, lakini hawakupewa hati ya ardhi; wazao wao waliipata mwaka 2017, ya ekari 288.

Hapo pana funzo. Muziki huondoa hofu baina ya askari na raia. Bali urafiki ulioanzwa kwa tarumbeta hudumishwa kwa haki.