Mutoto Wako na Jimnastiki ya Masomo

Somo kwa wamama wanaokuja kwenye kliniki

Mama, mutoto akianza masomo, hafundishwi kusoma na kuhesabu tu. Kuna saa ambapo mwalimu anatosha kilasi yote inje. Watoto wanakimbia, wanaruka, wanacheza mupira, na wasichana wanacheza nzango. Wamama wengine wanasema: «Ile ni kuchafua nguo bure.» Hapana. Jimnastiki ni somo kama masomo mengine. Lakini inaomba mama na mwalimu wasikilizane, juu watoto wote hawana nguvu sawasawa.

1. Jimnastiki inasaidia nini?

Mutoto akikimbia, moyo wake unazoea kusukuma damu vizuri, mapafu yanapanuka, mifupa na nyama za mwili zinakomaa. Usiku analala vizuri. Anajifunza pia kufuata sheria ya muchezo, na kushindwa bila kupigana.

Mwaka 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilisema kwamba mutoto wa miaka 5 mpaka 17 anapaswa kutumikisha mwili wake angalau dakika 60 kila siku, kwa wastani. Kutembea kwa haraka mpaka kwenye masomo na kuchota maji pia vinahesabiwa. Kwa hiyo, kama binti yako amekwisha kubeba bidoni za maji tangu asubuhi, usishangae akifika mbele ya mwalimu amechoka. Gawanya kazi ile kati ya wavulana na wasichana.

2. Usiseme haraka: «Ni muvivu»

Mutoto mwenye afya anapenda kucheza. Kama wako anabaki nyuma kila mara, anakaa chini wakati wenzake wanakimbia, tafuta sababu mbele ya kumugombeza. Inaweza kuwa:

— Njaa. Ametoka nyumbani bila kula kitu.

— Damu kidogo. Vuta pole pole ngozi chini ya jicho. Kama ndani ni nyeupe, pahali pa kuwa nyekundu, mulete kwenye kliniki. Mara nyingi ni malaria, chakula kibaya, ao minyoo ya safura. Minyoo hiyo inaingia kupitia ngozi ya miguu, mutoto akikanyaga udongo muchafu bila viatu.

— Ugonjwa wa mapafu ao wa moyo. Anahema sana kuliko wenzake, kifua kinalia, anakohoa akikimbia, ao miguu inavimba.

Mutoto wa namna hii, fimbo haitamuponya. Dawa inaweza kumusaidia.

3. Usimufiche mwalimu ugonjwa wa mutoto

Wamama wengine wanaona haya, wananyamaza. Mama, haya hiyo inaweza kuua. Mwalimu asiyejua atamulazimisha mutoto kukimbia sawa wengine, ao atamupa mizunguko ya kiwanja kama azabu.

Mutoto wa SS (ugonjwa wa damu): anaweza kucheza pole pole, lakini asilazimishwe kushindana. Apumzike mbele ya kuchoka, anywe maji mara nyingi, asinyeshewe wala kubaki na nguo zenye maji. Akisema «mifupa inaniuma», aache palepale. Akiwa na homa, mulete hospitali siku ileile. Mutoto wa AS yeye amebeba alama tu. Anacheza na wenzake, naye anywe maji ya kutosha.

Mutoto wa asima: akitumia dawa vizuri, anaweza kucheza. Dawa yake ya kuvuta ikuwe karibu naye, isibaki nyumbani ndani ya sanduku.

Mutoto wa kifafa: anaweza kukimbia na kucheza mupira. Asipande juu, na asiogelee bila mutu mukubwa karibu naye.

Mutoto wa ugonjwa wa moyo: munganga ndiye ataonyesha michezo gani inafaa.

Kama huwezi kuandika barua, omba muuguzi wa kliniki akuandikie karatasi. Karatasi isiseme tu «asifanye jimnastiki.» Iseme kile anachoweza na kile asichoweza. Mutoto anayefukuzwa kwenye michezo yote anaumia moyoni, na wenzake wanamucheka.

4. Asubuhi ya jimnastiki

— Mupe uji wa mahindi na soya, ao viazi vya jana vyenye maharagi.
— Mupe maji safi ya kunywa, zaidi wakati wa jua kali.
— Muvalishe nguo isiyomukaza, na viatu kama viko.
— Msichana aliye katika siku zake anaweza kucheza. Mupe kitambaa safi na kingine cha kubadilisha. Kama tumbo linamuuma sana, aombe ruhusa bila haya.
— Mutoto mwenye homa ao kuhara abaki kupumzika.
— Akirudi, aoge na sabuni.

5. Akianguka

Kidonda, osha na maji safi na sabuni. Usitie udongo wala majivi. Muguu ukivimba, weka kitambaa chenye maji ya baridi, usiukande. Kama mukono ao muguu umepindika, funga na kijiti bila kuunyoosha, na umulete. Akigonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia sana ao akapotea akili, usingoje kesho.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Mutoto wako anarudia namna gani siku ya jimnastiki: mwenye furaha ao mwenye kuhema?
2. Mwalimu wake anajua ugonjwa wake?
3. Lini mara ya mwisho alipata dawa ya minyoo?

Kama ulizo moja limekushinda, zungumuza na muuguzi leo, mbele ya kurudi nyumbani.