Msimbo Haukuwa na Kosa: Somo la Kompaila ya Java

Kama kozi yako ina Java ndani yake, au una rafiki anayekesha maabara kwa sababu ya Java, makala hii ni yako. Nataka tuzungumzie makosa ya mpangilio wa kompaila: yanatoka wapi, yanasomwaje na yanarekebishwaje. Siandiki kama mtaalamu. Naandika kama mtu ambaye yalimkuta.

Tulikuwa mwaka wa pili. Kundi letu la watu watano lilipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kugawa vyumba vya hosteli. Presentesheni ilikuwa saa nne asubuhi, na ilitakiwa ifanyike kwenye kompyuta ya maabara, siyo kwenye laptopu zetu. Jioni ya kuamkia siku hiyo tukaenda kujaribu. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa ameunganisha kazi zetu zote, akachomeka flashi, tukaendesha programu. Dirisha la mfumo halikutokea. Ilitokea mistari mingi ya kutisha, na wa kwanza ulikuwa na neno refu: UnsupportedClassVersionError.

Hapo tukafanya kosa kubwa kuliko lile la kompyuta. Tuliona neno Error, tukamgeukia mwenzetu. "Kaka, umetuangusha." Yeye akawa anaapa kwamba kwake inafanya kazi vizuri, na sisi tukawa tunacheka kwa hasira, maana nani hajawahi kusema hivyo? Kufika saa tatu usiku, kwenye grupu la WhatsApp mtu ameshapendekeza jina lake litolewe kwenye ripoti. Mimi sikuandika hivyo, lakini nilinyamaza, na kunyamaza pale kulikuwa ni kukubali. Nikachukua kazi yote nikaenda nayo hosteli "kuirekebisha". Mpaka saa saba usiku nilikuwa nimeshafuta klasi mbili nzima, na hakuna kilichobadilika.

Nikamgongea dada mmoja wa mwaka wa nne, chumba cha jirani. Nilimwonyesha picha ya skrini ya maabara niliyoipiga kwa simu. Hakugusa msimbo. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, mstari huu umeusoma mpaka mwisho?" Nikasema nimeusoma. "Haya, nisomee."

Nikasoma. Mwishoni mwa mstari kulikuwa na namba mbili ambazo macho yetu kumi hayakuziona: 61.0 na 52.0.

Namba mbili zinasema nini

Twende taratibu. Java hufanya kazi kwa hatua mbili, na kila hatua ina programu yake. Ya kwanza ni kompaila, inaitwa javac. Hii inasoma msimbo ulioandika na kuugeuza kuwa baitikodi, yaani mafaili yenye jina linaloishia na .class. Ya pili inaitwa java tu. Hii inachukua baitikodi na kuiendesha. Hizi ni programu mbili tofauti, na hakuna sheria inayozilazimisha kuwa za toleo moja kwenye kompyuta moja.

Kila faili la .class limeandikwa ndani yake namba ya toleo la muundo wake. Namba hiyo haifanani na jina la Java tunalolijua, lakini hesabu yake ni nyepesi: toa 44. Kwa hiyo:

52 ni Java 8
55 ni Java 11
61 ni Java 17
65 ni Java 21

Sasa urudi kwenye mstari wetu. Ulikuwa unasema hivi: programu hii imekompailiwa kwa muundo wa 61, na mimi ninayeiendesha naelewa mpaka 52. Kwa lugha nyepesi, mwenzetu aliandaa kazi kwa Java 17, na kompyuta ya maabara ilikuwa na Java 8. Java mpya huendesha baitikodi ya zamani, lakini Java ya zamani haiwezi kuendesha baitikodi mpya. Basi. Msimbo haukuwa na kosa, na kaka wa watu alikuwa anasema kweli: kwake ilikuwa inafanya kazi.

Laptopu yangu nayo

Dada akaniambia, "Fungua Command Prompt, andika javac -version." Nikaandika. Jibu: 'javac' is not recognized, yaani kompyuta haijui programu yenye jina hilo. Nikabisha. Haiwezekani, mwaka mzima nimefanyia mazoezi kwenye Eclipse hii hii!

Hapa kuna jambo wengi hatufundishwi. Java huja kwa vifurushi viwili. JRE ni kifurushi cha kuendeshea tu. JDK ni kifurushi cha anayeandika programu, na ndimo ilimo javac. Laptopu yangu ilikuwa na JRE peke yake. Eclipse haikulalamika kwa sababu ina kompaila yake yenyewe ndani, haitegemei javac. Ndiyo maana unaweza kumaliza mwaka bila kujua kwamba huna JDK, mpaka siku ukitumia Maven ikakwambia No compiler is provided in this environment. Watu wakiona ujumbe huo wanaanza kuhariri pom.xml, kumbe tatizo ni kwamba Maven imeelekezwa kwenye JRE. Dawa yake ni kusakinisha JDK, kisha kuifanya JAVA_HOME ionyeshe folda ya hiyo JDK. Onyesha folda yenyewe, usiingie mpaka kwenye bin iliyo ndani yake. Hilo ni kosa la kila siku.

Nikajiunga bando la usiku, nikashusha JDK 17, nikaweka JAVA_HOME, nikaongeza folda ya bin mwishoni mwa Path. Nikafungua dirisha jipya la amri, maana dirisha lililokuwa wazi tangu mwanzo halioni mabadiliko hayo. javac -version ikajibu 17. Nikashangilia. Dada akasema, "Tulia. Iulize na java." Nikaandika java -version, ikajibu 1.8.0. Hiyo ni Java 8. Mpaka toleo la 8 Java ilikuwa inajitaja kwa moja na nukta mbele.

Yaani kwenye laptopu moja nilikuwa na kompaila ya 17 na mwendeshaji wa 8. Nilipokompaili na kuendesha, nikapata kosa lile lile la maabara, 61 na 52, chumbani kwangu mwenyewe. Sababu ni hii: kompyuta ikitafuta programu, inapita kwenye orodha ya Path kuanzia juu kwenda chini na kuchukua ya kwanza inayoikuta. Java ya zamani ilikuwa imejiweka juu, kwenye folda iitwayo javapath, na yangu ilikuwa mkiani. Amri ya where java kwenye Windows inakuonyesha zote kwa mpangilio wake. Nikapandisha folda ya JDK juu kabisa, mambo yakakaa sawa. Kwa wale wa Ubuntu, mkumbuke java na javac huchaguliwa kila moja peke yake: update-alternatives --config java, halafu tena --config javac. Ukibadilisha moja ukasahau nyingine, unaingia shimo hilo hilo nililoingia mimi.

Kushusha toleo bila kujidanganya

Laptopu ilikuwa imepona, lakini maabara palepale na Java 8, na mwanafunzi haruhusiwi kusakinisha kitu kule. Ilibidi programu yetu ikompailiwe upya kwa ajili ya Java 8. JDK 17 inaweza kufanya hivyo. Swali ni kwa njia ipi, na hapa naomba umakini, maana ndipo watu wengi wanapojidanganya.

Njia ya zamani ni kutaja vitu viwili, -source 8 na -target 8. Cha kwanza kinabana sarufi ya lugha, cha pili kinabana muundo wa baitikodi. Lakini havibani maktaba ya Java yenyewe. Mwenzetu alikuwa ametumia List.of sehemu mbili, na List.of ilikuja na Java 9. Kwa njia hii ya zamani, kompaila ya 17 inaiona List.of kwenye maktaba yake, inatoa onyo dogo tu na kupitisha. Ukifika maabara, programu inafunguka vizuri, namba ni 52, kila mtu anatabasamu. Halafu mbele ya mwalimu unabofya kitufe cha kugawa chumba, inaanguka na NoSuchMethodError. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile la mwanzo, kwa sababu linakusubiri.

Njia sahihi ni --release 8, iliyokuja na Java 9. Hii inabana vitu vyote vitatu: sarufi, baitikodi na maktaba. Nilipoitumia, kompaila ikakataa hapo hapo kwenye zile sehemu mbili za List.of, ikasema haiijui. Nilifurahi kukataliwa. Nikaweka Arrays.asList mahali pake, maana kwa kazi yetu ilitosha, ikapita. Kwa wenye Maven, jambo hilo hilo linaandikwa kwenye pom.xml kama maven.compiler.release yenye thamani 8.

Naomba pia usisahau kwamba mazingira unayoandikia yana mpangilio wake. Kwenye Eclipse ni Properties za mradi, kisha Java Compiler. Kwenye IntelliJ IDEA ni Project Structure, utazame SDK na Language level. Kwenye NetBeans ni Properties, kisha Sources, mahali palipoandikwa Source/Binary Format. Ila kama mradi unatumia Maven, pom.xml ndiyo mwenye nyumba. Ukibadilisha kwenye menyu peke yake, siku ukiuhuisha mradi mambo yanarudi yalivyokuwa, na utaapa kwamba kompyuta ina jini. Badilisha kwenye pom.xml kwanza, kisha uiambie Eclipse au IntelliJ isome upya.

Utaratibu ninaoufuata sasa

Kwanza, nasoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho wa mstari, hasa namba. Invalid target release: 17 maana yake umeomba 17 kwa kompaila ambayo haijafika huko. Source option 5 is no longer supported ni kinyume chake: mradi unaomba toleo la kale, mara nyingi kwa sababu pom.xml haijataja toleo lolote, na kompaila yako mpya haikubali tena.

Pili, nauliza pande zote: java -version, javac -version, na mvn -version kama kuna Maven. Ile ya Maven inanionyesha Java inayoitumia yenyewe, ambayo inaweza isiwe ile ninayoidhania.

Tatu, nalinganisha majibu na mpangilio wa mradi na wa mashine ambayo programu itaenda kuendeshwa. Huyo wa mwisho ndiye bosi. Kama yeye ni 8, wote mnakompaili kwa ajili ya 8.

Nne, nabadilisha kitu kimoja tu, nafuta mafaili ya .class ya zamani kwa Clean, na kujaribu tena. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Msimbo naugusa mwisho kabisa, tena nikiwa na nakala.

Usiku ule nilimaliza saa kumi na moja alfajiri. Marekebisho yangu yote ya mwanzo niliyatupa, nikarudisha kazi ya mwenzetu kutoka kwenye flashi kama ilivyokuwa, nikabadilisha mistari miwili ya List.of na mmoja wa pom.xml. Mistari mitatu, jamani, baada ya usiku mzima. Saa nne mfumo ulifunguka kwenye kompyuta ya maabara na vyumba vikagawiwa.

Kabla ya kuingia nilimwita mwenzetu pembeni, nikamweleza namba zile mbili na kumwomba radhi, kwa niaba yangu na kwa ukimya wangu. Kisha nikaandika hayo hayo kwenye grupu, maana aliaibishwa mbele ya wote. Alinijibu kwa kifupi, "Poa. Ila siku nyingine someni kwanza." Jina lake lilibaki kwenye ripoti, lakini kazi ya kundi iliyofuata alikwenda kufanya na watu wengine, na sikuwa na cha kumlaumu.

Kwa hiyo kama kundi lenu linakutana wiki hii kwa mara ya kwanza, kabla hamjagawana klasi za kuandika, kila mmoja afungue laptopu aandike javac -version na java -version. Nendeni na maabara mkaiulize mashine ya kule. Kubalianeni toleo moja, liandikeni kwenye pom.xml siku hiyo hiyo. Ni kazi ya dakika kumi.