Je, akiolojia inaunga mkono Kitabu cha Mormoni?

SWALI: Wamisionari wamenipa Kitabu cha Mormoni, kinachosimulia Waisraeli waliovuka bahari hadi Amerika kabla ya Kristo. Je, mabaki yao yamepatikana?

JIBU: Huko Amerika, hapana. Kitabu hicho, alichokitoa Joseph Smith mwaka 1830, kinataja farasi, magari ya kukokotwa na panga za chuma. Farasi wa asili wa Amerika walitoweka yapata miaka 10,000 iliyopita. Waliofuata waliletwa na Wahispania. Thomas Stuart Ferguson, muumini aliyeanzisha taasisi ya uchimbaji mwaka 1952 kwa matumaini makubwa ya kupata ushahidi, hatimaye alikata tamaa.

Hoja nzito zaidi ya watetezi imetoka Yemen. Karibu na Marib zimepatikana madhabahu za kale zenye herufi NHM, jina la kabila, nao huzihusisha na Nahomu, mahali ambapo kitabu kinasema alizikwa mmoja wa Waisraeli hao safarini. Inavutia, sikatai. Ila herufi tatu zisizo na irabu hubeba matamshi mengi, na Yemen si Amerika.

Kukiamini ni hiari yako. Ukitaka historia ya Amerika ya kale, anza na Wamaya.