Somo la Jikoni: Mapeasi ya Jiko Kapu



Katika somo hili tutajifunza kupika mapeasi magumu mpaka yalainike, kwa mkaa kidogo tu. Huenda wengine wakacheka na kuuliza, tangu lini tunda likapikwa? Lakini pwani ndizi mbivu hupikwa kwa tui la nazi, wala hakuna anayecheka.

Sababu yetu ni wazee. Mzee asiye na meno akipewa tunda zima hulipokea kwa heshima, hulishika kitambo, kisha humpa mjukuu. Nasi twadhani hapendi matunda. Mapeasi ya milimani, kama yale ya Lushoto, mengi ni magumu hata kwa kijana. Na kuyachemsha jikoni muda mrefu ni kuteketeza mkaa. Ndiyo maana twatumia jiko kapu.

Jiko kapu halina moto. Ni kikapu kilichojazwa kitu kikavu chenye kushika hewa, kama sufi, pamba, nguo kuukuu au majani makavu. Hewa iliyonaswa humo haipitishi joto upesi, kwa hiyo sufuria iliyochemka hukaa na joto lake na chakula huendelea kuiva. Wazo hili ni la zamani. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wakitii amri ya kutowasha moto siku ya Sabato (Kutoka 35:3), walipeleka vyungu vyao kwenye tanuri la mwoka mikate siku ya Ijumaa kabla ya jua kutua, wakavichukua kesho yake vingali na moto. Irving Naxon wa Marekani alisimuliwa hayo na mama yake mwenye asili ya Lithuania, naye mwaka 1940 akapewa hataza ya chungu cha umeme cha kupika polepole. Mwenye umeme wa uhakika na akitumie. Kapu halidai umeme.

Chukueni mapeasi manane au kumi, kiasi cha kujaza sufuria ndogo robo tatu. Sufuria iliyo nusu tupu hupoa haraka. Wengi husahau jambo hili, kisha hulaumu kapu. Menyeni, kateni kila moja vipande vinne, toeni kokwa. Tieni maji yafunike vipande tu, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili au tatu, na maji ya ndimu moja. Sukari bado: ikitangulia huyafanya matunda yabaki magumu.

Funikeni, na yakishachemka yaacheni motoni dakika 10. Futeni kitako cha sufuria, maana kaa lililonata laweza kuunguza kapu. Kisha, bila kufunua, ingizeni sufuria kapuni, mfunike kwa mto mnene. Baada ya saa mbili au tatu kijiko kitakata peasi bila nguvu. Tukiyaweka kabla ya ibada ya asubuhi, twayakuta tayari. Sasa tieni vijiko vitatu vya sukari, mchemshe tena kidogo. Mwenye kisukari asitiliwe, na apewe kiasi kidogo, kwani tunda lenyewe lina sukari yake.

Msiyalaze kapuni usiku kucha. Chakula kikifikia uvuguvugu, vijidudu huzaliana. Matunda yana ukali wake, hivyo hatari si kubwa kama ya maharage au nyama, lakini kapu si ghala. Maziwa au tui tieni mezani, kamwe si kapuni.

Mchuzi wake msimwage. Moto huharibu sehemu ya vitamini C, na sehemu nyingine huyeyukia majini. Mpeni mzee kwa kijiko. Wenye meno waendelee kula matunda mabichi.

Mapera magumu nayo hufaa, ila yachujwe, maana mbegu zake huumiza fizi. Nanasi na embe bivu hazihitaji kapu.

Kabla ya kupoteza mapeasi, lijaribuni kapu kwa maji matupu. Chemsheni, ingizeni, ngojeni saa mbili. Mkifunua na mvuke hautoki, ongezeni sufi, hasa chini ya sufuria. Hapo ndipo wengi huweka safu nyembamba.