SOMO LA KUMI NA NNE: NGOZI YA NDEGE NA KIKARATASI CHAKE

Kanga, kwale na bata maji tunawafahamu. Wengi wetu tumewala. Lakini ndege hawa wanaweza pia kukaushwa na kutunzwa kwa miaka mingi. Kazi hiyo hufanywa katika majumba ya makumbusho. Katika nchi kama Marekani na Uingereza, wapo pia mafundi ambao hulipwa na wawindaji wawakaushie ndege wa kupamba nyumba.

Watu hudhani ndege huyo hukaushwa mzima, kama samaki. Sivyo. Kinachobaki ni ngozi, manyoya, mdomo, miguu na mifupa michache.

Jinsi kazi inavyofanywa

Fundi hupasua ngozi ya tumbo kwa kisu kidogo. Huivua polepole, kama mtu anayevua soksi. Huondoa nyama, ubongo, macho na mafuta.

Kila ndege ana shida yake. Ngozi ya kwale ni nyembamba, huchanika upesi. Bata ana mafuta mengi. Yasipokwanguliwa yote, ngozi huharibika. Tena, kichwa cha bata wengi hakipiti shingoni. Kwa hiyo fundi hupasua nyuma ya shingo.

Kisha ngozi huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, hutiwa dawa ya kuzuia wadudu, hujazwa pamba na kushonwa. Ndege wa kusimamishwa hutiwa waya miguuni na macho ya kioo.

Tahadhari: zamani mafundi walitumia aseniki, ambayo ni sumu kali. Ukikuta ndege wa zamani aliyekaushwa, usimshike kwa mikono mitupu, wala watoto wasimchezee.

Kikaratasi cha mguuni

Ngozi ya makumbusho hufungwa kikaratasi mguuni. Huandikwa mahali ndege alipopatikana, tarehe, na jina la aliyempata. Bila maandishi hayo, ngozi ni pambo tu.

Ndege wa sufuriani

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini katika misitu ya milima ya Udzungwa, Tanzania. Ndani ya sufuria ya chakula waliona miguu ya ndege wasiyemjua. Miguu peke yake haikutosha. Ilibidi wapatikane ndege wengine wa namna ile, wachunguzwe na kulinganishwa na ngozi za kwale wengine zilizohifadhiwa.

Mwaka 1994 kwale wa Udzungwa alitangazwa kuwa ndege mpya katika elimu ya sayansi. Jambo la ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu wako Asia, ng'ambo ya bahari. Ndege huyu huishi katika sehemu ndogo tu ya misitu, na mitego humpunguza.

Fikirini, ndugu wanakisomo. Ndege huyu aliishi msituni miaka mingi, na watu walimla. Lakini hakuwa ameandikwa popote. Kitu kisichoandikwa ni vigumu kukitetea mbele ya watu wa mbali. Kilichoandikwa hutafutwa, huhesabiwa na kulindwa.

Sheria inasemaje?

Nchini Tanzania, kuwinda ndege wa porini bila leseni ni kosa. Ngozi na manyoya yao pia yako chini ya sheria. Mtu akija kijijini na kuahidi fedha ili mumletee ndege, mwombeni kibali chake, mkisome wenyewe. Kama hana, toeni habari kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Maneno mapya
makumbusho: nyumba ya kutunzia vitu vya elimu na historia
kukwangua: kuondoa kitu kwa kukiparura
leseni: ruhusa iliyoandikwa

Maswali ya mazungumzo
1. Kwa nini bata ni mgumu kukaushwa?
2. Kikaratasi cha mguuni kina kazi gani?
3. Taja ndege watatu wa porini wa kijiji chenu. Andika jina la kila mmoja, mahali anapoonekana, na miezi anayoonekana.